Siku mbili Ujiji na Kigoma: anza kwa kutazama mwezi

Kabla ya kukata tiketi, tazama kalenda ya Kiislamu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Samaki wanaufuata mwanga, kisha wavu unainuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu tena, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wengi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo wikiendi inayoangukia kati ya tarehe 12 na 18 za mwezi wa Kiislamu, mwalo unakuwa umepoa na dagaa wanaouzwa ni wa siku zilizopita. Chagua wikiendi ya mwezi mwandamo, au ile ya mwishoni mwa mwezi kabla haujaandama mwingine. Jambo la pili: mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ukipanga safari ndani ya miezi hiyo, piga simu kwanza uulize hali ya mwaka huo.

Fikia Kigoma mjini au mtaa wa Mwanga uliopo hapo hapo. Ujiji iko kilomita nane hivi kutoka mjini na daladala zinapita siku nzima. Jumamosi uwe umeshuka Ujiji saa 2 asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mwambie konda akushushe kwenye makumbusho ya Livingstone. Vaa nguo za heshima. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara ya biashara, na mtu aliyejistiri anakaribishwa barazani upesi kuliko aliyevaa kaptula.

Kwenye mnara wa makumbusho, chini ya miembe, ndipo panapokumbukwa mkutano wa Novemba 1871 kati ya mmisionari Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta. Wageni wengi hupiga picha hapo na kuondoka, na hilo ni kosa, kwa sababu jambo zuri zaidi liko mbele ya macho yao: ziwa haliko hapo. Miaka ile maji yalikuwa juu zaidi na ufuko ulikuwa karibu na miembe. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Mnamo 1878 kizibo kile kilikatika, maji yakatoka kwa kasi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kumi hivi. Basi shuka kwa miguu kutoka mnarani hadi majini. Njia hiyo yote unaikanyaga pale ambapo ufuko ulirudi nyuma.

Ukishuka hivyo unapita katika mji wenyewe. Hapa palikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Februari 1858 na kukuta soko la pembe za ndovu, watumwa, mawese na chumvi ya Uvinza. Msimulizi wa makumbusho akikueleza habari za wazungu peke yao, mwulize juu ya watumwa waliovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Hiyo ndiyo habari ya Ujiji iliyogusa watu wengi zaidi.

Ufukoni tafuta mafundi wa maboti. Toa salamu kwanza, shikamoo kwa mzee, kisha omba ruhusa ya kutazama. Tazama wanavyotia kalafati: pamba inasokotwa, inaingizwa kati ya mbao mbili na kushindiliwa kwa tindo na nyundo mpaka mlio ubadilike na kuwa mzito. Pamba ikilegea, boti linavuja. Ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zinaachana. Usimkatishe fundi kwa ajili ya picha.

Mchana kula mgebuka, samaki wa ziwa hili, kwa ugali wa muhogo, na ugali uule ukiwa wa moto kwa sababu ukipoa unakuwa mgumu. Jioni pitia stesheni ya Kigoma, jengo la Wajerumani ambako reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Bandarini ndiko nyumbani kwa Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Stesheni na bandarini usipige picha bila kuomba ruhusa.

Jumapili uwe kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, saa 12 asubuhi, maboti yanaporudi. Nunua dagaa siku hii, si Jumamosi, maana chumba cha gesti kitanuka usiku kucha. Dagaa wazuri wamekaushwa juu ya chanja, wanang'aa kama fedha na wanakatika ukiwakunja. Waliogeuka njano mafuta yao yameharibika, wapike upendavyo uchungu hautoki. Chota konzi moja, sugua viganja juu ya karatasi, uone mchanga unaodondoka. Wale wa kuanikwa chini watakuumbua mbele ya wageni wako. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, dagaa hukauka polepole, hivyo vunja mmoja katikati na unuse tumbo. Bei ni kwa sado au debe; hakikisha chombo hakijabonyezwa kitako.

Hifadhi ya sokwe ya Gombe usiibane katika siku hizi mbili, inahitaji safari yake. Badala yake panda daladala la Mwandiga ukaone michikichi. Mikungu hukatwa, chikichi zikalegea, zikachemshwa, zikakamuliwa, kisha mafuta yakachemshwa tena kuondoa maji. Chikichi zilizokaa mno kabla ya kupikwa hutoa mawese yanayokwaruza koo, kwa hiyo onja tone moja. Kisha omba kijiko kimoja kitiwe kwenye kikaango cha moto: yakirukaruka, yana maji na hayatakaa. Mafuta ya mise, yatokanayo na kokwa, ni kitu kingine, usiuziwe kwa jina la mawese.

Dumu lisijazwe hadi mdomoni. Acha nafasi ya vidole vinne, maana mafuta hutanuka kwa joto la buti la basi. Weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko na ulisimamishe wima. Mawese yakiganda ukifika sehemu za baridi, hayajaharibika. Dagaa watie kwenye kiroba kinachopitisha hewa, kamwe si mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa sababu watatoa jasho njiani na kuota ukungu.