Bei ya ndoo ya maji kijijini: pigeni hesabu ya mwaka mzima

Pampu ya kisima ikiungua huko Bahi au Chemba, mkoani Dodoma, mara nyingi maji bado yapo ardhini. Kinachokosekana ni fedha ya kununua nyingine, kwa sababu bei ya ndoo ilipangwa kwa kukisia. Chombo cha watoa huduma ya maji, yaani CBWSO, kinaweza kuipanga kwa daftari na kikokotoo.

Anzeni na dira, yaani mita ya maji, iliyopo kwenye pampu. Tuseme miezi ya kiangazi inasoma uniti 900 kwa mwezi. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo zimesukumwa ndoo 45,000. Linganisheni na madaftari ya wauza maji magatini, yaani vituo vya kuchotea maji. Yakionyesha ndoo 36,000 zilizolipiwa, asilimia 20 imepotea. Pigeni hesabu kwa ndoo zilizolipiwa. Hapa ndipo kamati nyingi hukosea.

Gharama za mwezi, kwa mfano: dizeli lita 270 kwa shilingi 3,000 ni 810,000, mhudumu wa mashine na mhasibu 300,000, oili, chujio na viungio vya bomba 150,000, akiba ya pampu mpya ya shilingi 9,600,000 ndani ya miaka mitano ni 160,000. Jumla 1,420,000. Muuza maji akipewa asilimia 20 ya mauzo, gawanyeni kwa 0.8: mauzo yanayotakiwa ni 1,775,000, karibu shilingi 50 kwa ndoo.

Msiishie hapo. Januari hadi Aprili watu hukinga maji ya mapaa na kuchota malamboni. Mauzo yakishuka nusu, dizeli nayo hushuka nusu, lakini mishahara, oili na vipuri, na akiba havishuki. Miezi minane ya kiangazi na minne ya mvua inagharimu 15,420,000, na ndoo zilizolipiwa ni 360,000. Mkigawanya gharama tena kwa 0.8, kisha kwa ndoo hizo, bei halisi inakuwa shilingi 53.5.

Kupandisha hadi 60 kunaleta usumbufu, kwani chenji ya shilingi kumi haipatikani gatini. Ni afadhali kuziba upotevu. Ukishuka kutoka asilimia 20 hadi 12, ndoo zilizolipiwa zinafika 396,000 kwa mwaka, na shilingi 50 inatosha.

Jioni fungeni magati yote, pimeni kina cha maji tangini, mpime tena alfajiri kabla ya kuwasha pampu. Kina kikishuka, bomba au tanki linavuja. Kagueni kwanza bomba linapokatiza korongo, maana mafuriko hulifukua. Kisipopungua, tazameni kama tanki humwagika likijaa, kisha madaftari ya wauzaji. Shule na zahanati zifungiwe dira, zilipe ankara.

Mkihamia umeme wa jua, dizeli itaondoka na wanakijiji watadai bei ishuke. Ishuke, ila baada ya kuongeza akiba ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa jua ili uendeshe pampu, ambacho radi hukiharibu upesi.

Wasilisheni hesabu RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya, kisha mkutano mkuu wa kijiji. Akiba ikae kwenye akaunti yake, mbali na fedha za dizeli, vinginevyo italiwa mwezi wa kwanza wa mvua. Wazee wasiojiweza wasamehewe kwa orodha iliyopitishwa mkutanoni, na ndoo zao ziandikwe daftarini. Zisipoandikwa zitahesabiwa kama upotevu, na muuza maji atalaumiwa bure.