Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya mzuka wa bwenini kwa mtindo wa makala

Hapa nazungumzia hadithi ya kutunga inayopigwa kana kwamba ni makala ya video ya mambo ya kweli. Kwa mzuka wa bwenini sijaona mtindo unaofaa zaidi: aliyelala bweni anajua kwamba hofu huingia kwa maneno ya wenzako kabla hujaona chochote.

Hatua ya 1: Tunga uvumi kwanza. Soma kisa cha Kashasha, karibu na Bukoba. Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hali hiyo ikawakumba wanafunzi 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa. Andika uvumi wako ukisambaa vivyo hivyo: nani kaanza, kamwambia nani, nani katia chumvi.

Hatua ya 2: Andaa mashahidi. Hapa ndipo filamu inaposimama au kuanguka, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa. Usiwape waigizaji maneno ya kukariri. Mpe kila mmoja karatasi yenye alichokiona yeye tu, asijue ya mwenzake, kisha mhoji kama mwandishi wa habari. Mwanafunzi aseme msichana alisimama kando ya deka (kitanda cha ghorofa) la tatu, kashika ndoo. Matroni akatae katakata, halafu akumbuke kwamba asubuhi ile sakafu ilikuwa imelowa. Mlinzi aulizwe kuhusu usiku huo, naye ang'ang'anie kueleza taa ya varanda iliyoungua. Hizo tofauti ndogo ndizo zitakazomfanya mtazamaji aamini.

Hatua ya 3: Piga picha. Simu nzuri na stendi vinatosha. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za tyubu zitachezacheza. Piga korido kutoka sehemu ileile usiku tofauti, kila mara ukibadilisha kitu kimoja: mlango, au neti iliyoshushwa. Usikionyeshe kwa kidole.

Hatua ya 4: Sauti. Kila eneo, rekodi ukimya wake kwa dakika nzima: vyura, upepo, mabati yakipoa. Penye hofu usiweke kishindo, ondoa vyura.

Hatua ya 5: Hariri. Ikiwa filamu ni dakika 12, nne za mwanzo ziwe za maisha ya shule tu: foleni ya uji, prepu, maji kukatika. Mzuka uonekane mara moja, nyuma ya anayehojiwa, nje ya fokasi, na mtu yeyote asigeuke kuutazama.

Kabla ya yote hayo: pata ruhusa ya mkuu wa shule na kibali cha Bodi ya Filamu, piga wakati wa likizo, na tumia waigizaji waliotimiza miaka 18. Mwishoni andika wazi kwamba ni hadithi ya kubuni, na jina la shule liwe la kutunga. Wanafunzi huanguka mapepo kweli, na kipande kimoja kikisambaa kwenye makundi ya wazazi bila maelezo, kuna bweni litakalokesha.