Baiskeli bila kelele za magari: bonde la Vinschgau hatua kwa hatua

Mara ya kwanza nilipofika Vinschgau, bonde la kaskazini mwa Italia ambalo Waitaliano huliita Val Venosta, niliifuata ramani ya simu. Ikanitupa kwenye barabara kuu ya SS40, saa sita mchana. Malori yalinipita jirani mno, kila moja likinisukuma kwa upepo wake hadi ukingoni. Kumbe ng'ambo ya mashamba ya matufaha palikuwa na njia ya lami ya baiskeli, na bibi mmoja alikuwa akiteremka nayo taratibu, kikapu cha mboga kikiwa mbele yake. Nilivuka kumfuata. Tangu hapo narudi kila kiangazi, na nimejua kwamba utulivu wa huku hupangwa mapema: saa unayoondoka, upande wa bonde unaoushika, na kule unakoelekea. Nakueleza ninavyoupanga mimi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Juni na Septemba ndiyo miezi yangu. Agosti Waitaliano wako likizo na bonde hujaa watu. Njia ya bondeni hupitika tangu Aprili, lakini asubuhi za Aprili zina jambo lake: usiku wa baridi kali wakulima hunyunyizia maji mitufaha ili maua yavikwe barafu nyembamba, na barafu hiyo ikiwa inaganda huyalinda maua yasife. Kulitazama shamba zima likimetameta jua linapotoka ni raha kubwa. Ila maji yale hufika mpaka njiani, na lami iliyoganda haionekani kwa macho. Ngoja hadi saa tatu ndipo utoke.

Septemba ni mavuno. Utakutana na matrekta madogo yamebeba makasha ya matufaha, yakikatiza njia. Yapishe, njia ile inapita katikati ya kazi ya watu.

Hatua ya 2: Andaa baiskeli kwa ajili ya kupanda na kushuka

Baiskeli ya barabarani yenye tairi za milimita 28 inatosha, na 32 ni bora zaidi, maana kuna vipande vya changarawe. Kwa milima, usiwe na aibu na gia nyepesi. Meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma yatakuokoa magoti. Kagua breki kabla ya kusafiri: raba zikibaki nyembamba, badilisha nyumbani kwa fundi unayemjua.

Beba taa ya mbele na ya nyuma, pamoja na kizibao cha kung'aa. Sheria ya Italia inamtaka mwendesha baiskeli akivae nje ya miji kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama hadi nusu saa kabla halijachomoza, na pia ndani ya mahandaki. Kwa kuwa tutaondoka alfajiri, hilo linakuhusu.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, anza juu ushuke na mto

Vibao vya huku vina majina mawili, la Kijerumani na la Kiitaliano: Mals ni Malles, Prad ni Prato, Glurns ni Glorenza. Yashike yote mawili usije ukapotea.

Kutoka Merano, mji ulio chini ya bonde, kuna reli ya kama kilomita 60 hadi Mals. Ilifungwa mwaka 1990, ikafufuliwa 2005, na ndiyo iliyowawezesha wengi kuukwepa mwinuko wa bonde kwa treni. Nafasi za baiskeli ni chache na masharti hubadilika, basi uliza kituoni jana yake. Kutoka Mals unapanda hadi Reschen, kichwani mwa bonde, kwenye mita kama 1,500. Ukitaka kutunza miguu, ulizia basi linalobeba baiskeli.

Juu utaliona ziwa, na mnara wa kanisa umesimama peke yake majini. Ndio uliobaki wa kijiji cha zamani cha Graun, kilichozamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme. Nashuka kwenye baiskeli kila nikifika hapo. Watalii hupiga picha wanaendelea, lakini pale chini palikuwa na nyumba za watu, na wenyewe hawakutaka kuhama.

Kutoka hapo mpaka Merano ni kilomita 80 hivi, na unashuka zaidi ya mita 1,000. Fuata vibao vya Via Claudia Augusta, jina la barabara ya Warumi iliyokamilika enzi za mfalme Klaudio, mwaka 46 na 47 baada ya Kristo. Upepo wa Reschen mara nyingi huvuma kuelekea bondeni, kwa hiyo ukianzia juu unakusukuma. Ukianzia Merano utapigana nao kutwa.

Mteremko mkali uko mwanzoni, kabla ya Mals, na mwishoni, baina ya vijiji vya Töll na Algund, ambako njia hujikunja kwa kona fupi. Hapo Töll punguza mwendo kabisa: watoto na wazee wanapanda huku wewe unashuka. Ukitaka kumpita mtu popote njiani, piga kengele mapema, mara moja, kisha msalimie.

Maji usinunue. Karibu kila kijiji kina birika la mawe lenye bomba linalotiririka. Soma kibao kwanza: kikiandikwa "kein Trinkwasser" au "acqua non potabile", usinywe.

Hatua ya 4: Siku ya pili, Stelvio kabla pikipiki hazijaamka

Hapa ndipo saa inapoamua kila kitu. Barabara ya kutoka Prad hadi mlango wa Stelvio, yaani pale juu barabara inapovuka milima, ina kona 48 zilizopewa namba. Ilijengwa kati ya 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, wakati Milki ya Austria ilipotaka njia ya kufika Lombardia. Ni kilomita 25 hivi, unapanda zaidi ya mita 1,800, na kileleni ni mita 2,757. Saa nne asubuhi barabara hiyo hunguruma pikipiki. Saa kumi na mbili asubuhi unasikia mnyororo wako na maji ya kijito tu.

Ukimaliza siku ya kwanza Merano, rudi juu ya bonde kwa treni, ulale Prad. Kula saa kumi alfajiri, ondoka saa kumi na moja na nusu. Kona namba 48 iko chini, namba 1 juu, hivyo unahesabu kurudi nyuma. Kilomita za mwanzo, kabla ya Trafoi, ndizo zinazowaponza wageni, kwa sababu kona bado ni chache na mtu huvimba kichwa akaenda mbio. Panda kwa mwendo ambao ungeweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Kwa kilomita 8 kwa saa utatumia saa tatu na kidogo, na hakuna anayekudai zaidi.

Ukipita Franzenshöhe miti inaisha, na ukuta mzima unasimama mbele yako, kona juu ya kona. Usiutazame sana. Tazama kona inayofuata, na ukifika ndani yake pita upande wa nje kama hakuna gari, maana upande wa ndani ni mkali zaidi.

Kuna pia siku moja kwa mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, ambapo Stelvio hufungiwa magari na pikipiki ili baiskeli zipite. Ni siku tamu, ila utapanda na maelfu ya wenzako. Anayetaka kimya ashike alfajiri.

Hatua ya 5: Shuka kwa upande wa Uswisi

Usirudi ulikotoka, kwani pikipiki ndiyo kwanza zinapanda. Shuka kilomita tatu hivi upande wa Bormio, kisha pinda kulia kwenye njia ya Umbrail, uingie Uswisi hadi Santa Maria. Beba pasipoti. Viza ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili.

Kabla ya kushuka vaa koti la upepo na glavu zenye vidole virefu. Jasho la kupandia hugeuka baridi ndani ya dakika tano, na vidole vilivyokufa ganzi havibani breki. Funga breki kabla ya kona, si ndani yake, kisha ziachie. Usizishikilie moja kwa moja: nimewahi kuzishikilia kilomita nzima, nikasikia harufu ya raba inayoungua, ikabidi nikae nyasini hadi ringi zipoe.

Kutoka Santa Maria fuata kijito, upite Müstair, kwenye nyumba ya watawa iliyomo katika orodha ya UNESCO tangu 1983, kisha Taufers, mpaka Glurns, mji mdogo ambao kuta zake za kale bado zimeuzunguka. Baiskeli inapita chini ya lango la mnara. Ndani kuna maduka ya mikate. Mimi hununua mkate mweusi wa shayiri nyekundu (rye) ukiwa bado na joto, nikala nimeegemea ukuta wenye jua. Kutoka hapo hadi Prad ni kilomita saba hivi, karibu tambarare, katikati ya mashamba.