Jinsi ya Kuandika na Kusoma Tarehe kwa Utaratibu wa Warumi wa Kale

Msomaji wa maandishi ya Kilatini, yawe ni barua za Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, maandishi ya jiwe la kaburi au hati za Kanisa, hukutana mapema na tarehe iliyoandikwa kwa namna ya "a.d. XI Kal. Mai.", na wengi huipita bila kuielewa, kana kwamba ni pambo tu. Kufanya hivyo ni hasara, kwa sababu tarehe hiyo hueleza siku moja mahususi, tena kwa kanuni ambazo mtu yeyote anayejua kujumlisha na kutoa anaweza kuzifuata. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuigeuza tarehe yetu kuwa ya Kirumi, kisha namna ya kuisoma tarehe ya Kirumi na kuirudisha katika hesabu yetu.

Kabla ya kuanza, hakikisha unajua mambo mawili, yaani mwezi unaohusika una siku ngapi na mwaka unaohusika ni upi. Mwaka ni muhimu kwa sababu kanuni zilizoelezwa hapa ni za kalenda ya Julius Caesar, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari mwaka 45 KK. Tarehe za kabla ya hapo zina hesabu yake, nayo imeelezwa mwishoni.

Hatua ya kwanza ni kuzitambua siku tatu zenye majina. Warumi hawakuhesabu siku za mwezi kuanzia moja hadi thelathini kama tufanyavyo sisi, bali waliweka vituo vitatu katika kila mwezi na kuzitaja siku nyingine zote kwa kuvitazamia vituo hivyo. Kituo cha kwanza ni Kalendae, ambayo daima ni tarehe 1. Cha pili ni Nonae, ambayo ni tarehe 5, na cha tatu ni Idus, ambayo ni tarehe 13. Katika miezi minne, yaani Machi, Mei, Julai na Oktoba, Nonae huwa tarehe 7 na Idus huwa tarehe 15. Miezi hiyo minne haina budi kukaririwa, maana anayeisahau atakosea kwa siku mbili kila atakapohesabu. Asili ya vituo hivi ni mwezi wa angani: mwezi ulipoandama, kuhani alitangaza juu ya kilima cha Capitolium kama Nonae ingefika siku ya tano au ya saba, na Idus ilikusudiwa kuangukia mwezi mpevu.

Hatua ya pili ni kuangalia tarehe yako imekaa wapi. Ikiwa imeangukia kituo chenyewe, kazi imekwisha, kwani utaandika jina la kituo na la mwezi: Caesar aliuawa Idibus Martiis, yaani tarehe 15 Machi, mwaka 44 KK. Ikiwa ni siku moja kabla ya kituo, utatumia neno pridie, kwa hiyo tarehe 14 Machi ni pridie Idus Martias, na tarehe 31 Desemba ni pridie Kalendas Ianuarias.

Tazama kwa makini mfano huo wa mwisho. Tarehe ya Desemba imebeba jina la Januari, kwa sababu siku zote zinazofuata Idus huitazamia Kalendae ya mwezi ujao. Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, na kwa maoni yangu ndilo jambo la kwanza ambalo mwalimu anapaswa kulikazia, hata kabla ya namba zenyewe.

Hatua ya tatu ni kuhesabu. Warumi walihesabu kurudi nyuma kutoka kwenye kituo kinachokuja, na waliijumuisha siku ya kuanzia pamoja na ya kuishia. Hesabu ya namna hiyo si ngeni kwa Wakristo, ambao hukiri kwamba Yesu alisulubiwa Ijumaa na akafufuka siku ya tatu, yaani Jumapili: Ijumaa yenyewe imehesabiwa. Kwa hiyo, ikiwa siku yako iko kabla ya Nonae au Idus, chukua tarehe ya kituo, toa tarehe yako, kisha ongeza moja. Tarehe 9 Januari, kwa mfano, ni 13 kutoa 9, ambayo ni 4, na ukiongeza moja unapata 5. Ikiwa siku yako iko baada ya Idus, chukua idadi ya siku za mwezi, ongeza mbili, kisha toa tarehe yako. Tarehe 21 Aprili, ambayo Warumi waliiadhimisha kama siku ya kuzaliwa kwa mji wao, ni 30 na 2, ambayo ni 32, ukitoa 21 unabaki na 11.

Hatua ya nne ni kuandika. Tanguliza maneno ante diem, ambayo karibu kila mara hufupishwa kuwa a.d., fuatisha namba ya Kirumi, kisha jina la kituo na la mwezi. Tarehe 9 Januari itakuwa a.d. V Id. Ian., na 21 Aprili itakuwa a.d. XI Kal. Mai. Usishangae kukuta VIIII badala ya IX, au IIII badala ya IV, kwa kuwa Warumi wenyewe waliandika hivyo mara kwa mara.

Mwaka huongezwa mwishoni kwa majina ya makonsuli wawili, yaani viongozi wakuu wa Roma waliochaguliwa kila mwaka, waliokuwa madarakani. Mwaka 63 KK, kwa mfano, uliandikwa "M. Tullio Cicerone C. Antonio consulibus". Kuhesabu miaka tangu Roma ilipoasisiwa, yaani tangu 753 KK, kulikuwapo, lakini si njia ya kawaida ya kuandika tarehe za hati.

Kusoma ni kufuata njia hiyo hiyo kinyumenyume. Mfano mzuri umo Pompeii, mji wa Kirumi uliofunikwa na mlipuko wa volkano ya Vesuvius, ambako mwaka 2018 ilitangazwa kwamba wachimbaji wamekuta maandishi ya mkaa ukutani, katika nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa, yenye tarehe XVI K Nov. Jina ni la Novemba na kituo ni Kalendae, kwa hiyo siku yenyewe ni ya Oktoba. Chukua 31, ongeza 2, toa 16: ni tarehe 17 Oktoba. Nakala zinazotegemewa zaidi za barua ya Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi aliyeushuhudia, huweka mlipuko huo wa mwaka 79 BK kwenye siku ya tisa kabla ya Kalendae ya Septemba, yaani 24 Agosti. Maandishi ya ukutani hayataji mwaka, lakini mkaa hufutika upesi, na ndiyo maana watafiti wengi wameyachukua kuwa ushahidi kwamba mji ulifunikwa katika majira ya vuli.

Februari ya mwaka mrefu, yaani wenye siku 366, inahitaji uangalifu. Warumi hawakuongeza siku mwishoni mwa mwezi, bali waliihesabu mara mbili siku ya sita kabla ya Kalendae ya Machi, wakaiita bis sextum. Basi hadi tarehe 23 hesabu kana kwamba mwezi una siku 28, tarehe 24 iandike a.d. bis VI Kal. Mart., na kuanzia tarehe 25 tumia siku 29. Baada ya kifo cha Caesar, makuhani waliielewa amri yake ya "kila mwaka wa nne" kwa kujumuisha mwaka wa kuanzia, wakawa wanaongeza siku kila baada ya miaka mitatu, mpaka Augustus, mfalme mkuu wa kwanza wa Roma, alipolazimika kuisimamisha miaka mirefu kwa muda ili kurekebisha kosa hilo.

Kwa tarehe za kabla ya 45 KK, Machi, Mei, Julai na Oktoba zilikuwa na siku 31, Februari 28, na miezi mingine yote 29, hivyo mwaka wa kawaida ulikuwa na siku 355. Augustus alizaliwa mwaka 63 KK, na tarehe yake imeandikwa a.d. IX Kal. Oct. Kwa Septemba ya siku 30 hiyo ni tarehe 23, lakini kwa Septemba ya siku 29 ya wakati huo ni tarehe 22. Kwa sababu hiyo, unaponukuu tarehe ya kipindi hicho, andika maneno ya Kilatini kama yalivyo kando ya tarehe uliyoikokotoa, na utaje umetumia kalenda ipi.