Klabu ikifilisika, msikubali mali ziuzwe kimyakimya
Wanachama wenzangu wa Mtwara, mkisikia klabu imefilisika na mali zinauzwa msiishie kulalamika kijiweni, kwanza tafuteni katiba mjue ni chama kilichosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo au kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, maana njia zake tofauti kabisa. Afu nendeni ofisi ya ardhi mkapekue hati, kiwanja jina la nani, kuna benki imekishika kama dhamana ya mkopo? Daini ripoti ya mthamini. Klabu ya soka ya Rangers ya Scotland ilifilisika 2012, mali ziliuzwa pauni milioni 5.5, watu wakahoji sana bei hiyo. Korosho zetu tu bei inasomwa mnadani hadharani, sembuse uwanja! Mnunuzi akiwa ndugu wa muuzaji, wakili aombe zuio mahakamani haraka kabla mauzo hayajakamilika, yakishapita kurudisha ni kazi kwelikweli.