Somo: Kuendesha baiskeli kando ya Mto Potomac hadi Mount Vernon

Wengi wetu tunaoishi Washington na vitongoji vyake tunauona Mto Potomac kwa dirisha la gari tu, tukikimbilia kazini. Upande wa Virginia kuna njia ya lami inayoufuata mto huo kwa kilomita 29 hivi, kuanzia Kisiwa cha Theodore Roosevelt hadi Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na hutozwi hata senti kuipita. Nawaomba sana ndugu zangu mjaribu.

Hatua ya 1. Usiku wa kuamkia safari jaza upepo, jaribu breki, paka mnyororo mafuta. Beba tyubu ya akiba, pampu na chupa mbili za maji.

Hatua ya 2. Panda treni mpaka Rosslyn. Baiskeli inaruhusiwa, ila usiiingize kwenye ngazi za umeme, tumia lifti. Ukitoka, teremka hadi daraja la kuvukia barabara kuu, nawe umefika kwenye njia. Kisiwani kwenyewe baiskeli haziingii.

Hatua ya 3. Shika kulia. Ukitaka kumpita mtu, piga kengele mapema kisha mpite kwa kushoto kwake. Wazee na watoto wanatembea humo humo, na njia ni nyembamba.

Hatua ya 4. Pumzika Gravelly Point, jirani na uwanja wa ndege wa Reagan. Upepo ukiwa wa kusini, ndege zinatua juu ya kichwa chako, chini kiasi kwamba unaona matairi yakining'inia. Ukiwa na watoto, hapa watakugandisha saa nzima.

Hatua ya 5. Alexandria utaingia mitaani, kati ya magari. Fuata Union Street, simama panapotakiwa kusimama. Mbele utapita chini ya daraja la Woodrow Wilson, na pale Jones Point kuna mnara mdogo wa taa wa karne ya 19.

Hatua ya 6. Hii isome mara mbili. Njia ina madaraja ya mbao, na mbao zikilowa umande huteleza kama sabuni. Asubuhi moja ya Oktoba nilifunga breki katikati ya daraja; gurudumu la mbele likaondoka, nikaangukia kiwiko, na kovu ninalo hadi leo. Punguza mwendo *kabla* ya kupanda mbao, nyoosha usukani, na ukiwa juu yake usiguse breki wala usikate kona. Ukipita hivyo taratibu eneo la kinamasi cha Dyke Marsh, utawaona na korongo wamesimama majini.

Hatua ya 7. Kilomita ya mwisho ni mlima. Shusha gia mapema, au shuka usukume.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sijaendesha tangu nikiwa shule ya msingi Moshi. Nitaweza?*
Marahaba mwanangu. Anza na nusu: ishia Alexandria, kisha rudi kwa treni ya kituo cha King Street. Ukizoea, malizia.

*Kaka, ukifika Mount Vernon unarudije?*
Kwa njia ile ile, dada. Ndiyo maana nasema ukisikia umechoka ungali Alexandria, geuza. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 58.

*Kuna haja ya kulipa kiingilio cha ndani?*
Mimi nalipa. Funga baiskeli kwa kufuli, uingie, upite kaburi la Washington, uende hadi kwenye makaburi ya watumwa. Kuna mnara wa kumbukumbu uliowekwa mwaka 1983, uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard. Makaburi mengi pale hayana majina. Mara ya kwanza nilivua helmeti nikakaa chini kimya, na mwanangu akaja akaketi kando yangu bila kuuliza kitu.

*Majira gani ni mazuri?*
Aprili na Oktoba. Julai joto na unyevu vitakumaliza, labda utoke alfajiri.