Bustani ya fundo uani kwako, viungo vya jikoni vilivyosukana kama ukili

Kama una kieneo cha mita 3 kwa 3 kinachopata jua usikiache bure jamani, weka bustani ya fundo. Huu mtindo ulipendwa sana Uingereza miaka ya 1500, viuzio vifupi vya mimea vinapishana juu na chini kama ukili wa mkeka, halafu kwenye nafasi unapanda viungo. Wao wanatumia lavenda na thaimu ila kwa joto la Dar na ule unyevu zinateseka, hela itapotea. Mi nashauri mstari mmoja rozimeri, wa pili duranta ya njano, ila matunda ya duranta yana sumu kwa hiyo ikate kabla haijatoa maua, hasa kama nyumbani kuna watoto.

Kupima usifanye haraka. Kona ziwe za mraba, piga 3-4-5 kama mafundi ujenzi, sm 90 huku, 120 kule, kamba ya kukatiza isome 150, ukimaliza pima kona hadi kona, zote mbili zije kama sm 424. Kigingi katikati, kamba ya sm 125, zungusha duara, kisha unganisha katikati ya kila upande upate almasi, chora kwa majivu au chokaa. Duara ni mstari mmoja, almasi ni wa pili, vinakatana mara 8 na hapo ndo utamu wote ulipo: mstari mmoja upite bila kukatika, wa pili uishie sm 20 kabla na uanze tena ng'ambo, sehemu inayofuata wageuze, aliyekuwa juu aende chini. Ukikosea moja tu fundo linavunjika na jicho linaona.

Mchanga wetu changanya na samadi iliyooza vizuri, panda vuli zikianza, mche hadi mche sm 20, na kama maji yanatuama kwako inua tuta maana rozimeri inaoza mizizi.

Ndani jaza mrehani, kotmiri, vitunguu majani, katikati kabisa shina moja la mchaichai. Nanaa itie kwenye ndoo iliyotobolewa kitako ndo uifukie, la sivyo itameza bustani nzima.

Kila mwezi punguza kidogo kidogo kwa mkasi, ule mstari wa chini uuache mfupi kidogo karibu na makutano, na rozimeri usiikate hadi kwenye mti mkavu usio na majani, pale haichipui tena.